Sahani Kubwa ya Vijana wa Nairobi

Msomaji, mwaka 1976 vijana wa Nairobi waliojiita Black Savage walirekodi kwa kampuni ya EMI sahani kubwa ya santuri iitwayo Something for Someone. Haikupata kuvuma kama zilivyovuma sahani za benga. Leo wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani huitafuta kwa bidii na kuitolea fedha nyingi, hali wanafunzi wengi wa Ruiru hawajapata hata kulisikia jina lake. Bei hiyo isikutishe wala isikushawishi. Mkusanyaji hulipia uchache wa kitu. Kazi ya mhakiki ni kuuliza kama kitu chenyewe ni chema.

Na tuanze na ukubwa wa sahani, maana hapo pana ujasiri usioonekana upesi. Soko la Kenya katika miaka ile lilikuwa la sahani ndogo, ile izungukayo mara 45 kwa dakika, yenye nafasi ya dakika tatu au nne kila upande. Wapigaji wa benga waliukubali mpaka huo wakaugeuza kuwa mtindo: wimbo hukatwa vipande viwili, na magitaa yakapamba moto upande wa pili. Sahani kubwa ilikuwa kitu cha ghali, na mara nyingi ilikuwa mkusanyo tu wa nyimbo zilizokwisha kuuzwa katika sahani ndogo. Huko Uingereza makundi kama Genesis yalikuwa yameipa kazi nyingine. Kwao dakika ishirini za upande mmoja zilikuwa kama ukurasa mpana, ambamo wimbo waweza kubadili mwendo, ukanyamaza, ukaanza upya. Vijana wetu waliyasikia hayo, nao wakataka kusema kwa mapana.

Jina lao nalo lataka kutazamwa. Savage ni mshenzi, neno tulilobandikwa na wageni, na ambalo (tusijifiche) watu wa pwani waliwabandika wa bara kabla ya wageni hao kuja. Kulitwaa tusi na kulivaa kama kanzu ya sikukuu, miaka 13 tu baada ya Uhuru, si mzaha wa watoto.

Wapo walimu wenzangu, nami nawaheshimu, wasemao kuwa kazi hii yote ni uigaji, na kwamba Mwafrika aimbaye roki kwa Kiingereza amevaa viatu vya mwenziwe. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Fidla ya taarabu haikuchongwa Unguja, na gitaa la benga halikuzaliwa Nyanza. Lilifundishwa huko kusema kama nyuzi za nyatiti. Swali la haki si chombo kimetoka wapi, bali kimefika wapi. Kwa kipimo hicho, hukumu yangu juu ya sahani hii ni ya nusu kwa nusu. Nia yake ni kubwa, nayo yajali hali ya watu. Ila Kiingereza chake mara kwa mara chaninyima ule ukali ambao jina la kundi limeniahidi.

Ukitaka kuwasikia wakifika, usikie wimbo wao wa Kijaluo uitwao Kothbiro, maana yake mvua yaja, waliourekodi katika miaka hiyohiyo. Utungaji wake huandikwa kwa majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada, ambaye wakati ule alijulikana kama Job Seda. Ogada alikwenda Uingereza mwaka 1986 akiwa na nyatiti yake, akaimba njiani kwa wapita njia. Mwaka 1993 aliurekodi upya wimbo huo katika sahani ya En Mana Kuoyo, iliyotolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, yule yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis. Mwaka 2005 ulitumika katika filamu ya The Constant Gardener. Ogada alifariki mwaka 2019.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Kanye West wa Marekani alikata kipande cha sauti za Black Savage akakitia katika wimbo wake Yikes. Yamkini nawe umekisikia kipande hicho ndani ya matatu, ukitoka Gitothua kwenda mjini, ukadhani ni sauti za Wamarekani.

Basi tafuta rekodi zote mbili za Kothbiro, uzisikilize kwa zamu. Katika ile ya 1993 nyatiti na sauti ya mtu mmoja zimebaki karibu peke yake, na wengi huiona kuwa bora. Mimi nashikamana na ile ya kwanza. Waimbaji ni zaidi ya mmoja, hakuna ashindanaye na mwenziwe, na wimbo hauna haraka yoyote ya kumaliza dakika zake.