Kushuka na Kushukia

Washairi wetu wa visiwani wamezoea kulitumia neno 'kushuka' kana kwamba ndio mwisho wa safari: chombo kimetia nanga, abiria ameshuka, beti zimekwisha. Mazoea hayo yafaa kupimwa kwa Kiswahili cha Katavi.

Mpanda ndiko linakokomea tawi la reli litokalo Kaliua, lililojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Hapo wote hushuka, na neno latosha. (Jina la mji lisimchezee msomaji, hatudai kuwa limetokana na kupanda garimoshi.) Lakini tuteremke hadi Ziwa Tanganyika, upande wa Karema. Meli ya Liemba, waliyoizamisha Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikarejea kazini mwaka 1927, kwa miongo mingi ilihudumia vituo vingi visivyokuwa na gati. Abiria alishuka melini, akashukia mtumbwini, ndipo akashukia ufukweni. Kiambishi hicho kidogo, -i-, ndicho kinachotenganisha mtu anakotoka na anakofikia. Mshairi akikidharau humwacha abiria wake hewani.

Na lipo neno la vyombo linalofanana nalo: kushua ni kukiingiza chombo majini, ilhali kushuka chomboni ni kuyapa maji kisogo. Basi anayewacheka watu wa bara kwa uchache wa msamiati wa majini atuambie kwanza: mguu mmoja ungali ngazini, wa pili umekwisha gusa mtumbwi, naye mawimbi yamtikisa, huyo ameshuka?