Jiwe la gumegume linavyokamatwa

Cheche za bunduki ya gumegume hazitoki kwenye jiwe. Zinatoka kwenye chuma. Ukingo mkali wa jiwe hukwangua bamba la chuma lililokomazwa, chembe ndogo mno za chuma hung'oka zikiwa na moto, huwaka zikikutana na hewa, kisha huangukia baruti kwenye kisahani kilicho chini yake. Kazi yote ya kuliweka jiwe inatokana na jambo hilo. Kisu kinachocheza kwenye mpini hakikati, na jiwe linalocheza halikwangui.

Chukua Brown Bess, bunduki ya askari wa miguu wa Uingereza tangu miaka ya 1720 hadi miaka ya 1830. Nyundo yake ina taya mbili zinazobanwa kwa skrubu moja. Jiwe halina umbo sawa, kwa hiyo likibanwa chuma kwa jiwe, taya huligusa sehemu mbili tatu tu; litateleza au kupasuka. Dawa yake ni kulivika ngozi iliyokunjwa, au bamba jembamba la madini ya risasi. Ngozi hukatwa kwa upana wa jiwe, ikalizunguka kwa nyuma, na mahali pa mkunjo hutobolewa ili ipishe skrubu.

Majeshi ya Ulaya yaliyatumia sana madini ya risasi, kwa kuwa hayaungui na hujiumba kufuata jiwe. Kasoro yake ni uzito. Mtambo mkubwa wa bunduki ya vita huweza kuubeba, lakini kwenye bastola au bunduki nyepesi ya kuwindia uzito huo huutesa mtambo bure. Huko ngozi ni bora, bila shaka yoyote. Ila ngozi mpya hushindiliwa na kila pigo, hivyo skrubu lazima ikazwe tena baada ya milio michache ya mwanzo.

Mkao hupimwa bunduki ikiwa tupu, haina baruti wala risasi. Nyundo huvutwa nusu, bamba la chuma hufungwa, na ukingo wa jiwe huachwa karibu sana na bamba bila kuligusa. Ukingo uwe sambamba na uso wa bamba kutoka upande mmoja hadi mwingine; ukikaa mshazari, pembe moja ndiyo itakayofanya kazi, na itavunjika mapema. Kisha nyundo hushushwa polepole kwa kidole gumba, ili kuhakikisha jiwe halipigi ubavu wa mtutu. Pigo zuri huanzia sehemu ya juu ya bamba na kushuka likikwangua, si kugonga palepale na kusimama.

Na upande uliochongwa mteremko, utazame juu au chini? Hakuna kanuni moja. Kila mtambo una tabia yake, na fundi makini hujaribu pande zote mbili, akachagua ule unaopeleka cheche katikati ya kisahani.

Mawe bora ya Uingereza yalichongwa Brandon, mji ulioko Suffolk, lakini hata hayo yalichakaa. Jiwe likifupika, lisitupwe haraka: lisogezwe mbele, na nyuma yake kichomekwe kijiti au kipande cha ngozi cha kuliegemeza. Likishakuwa fupi kiasi kwamba taya zinakaribia kugusa bamba, wakati wake umekwisha. Likiendelea kutumika hapo, kitakachoharibika ni bamba, na bamba ni ghali kuliko mawe mengi.