Wanaopepeta Anga

Panda Lukenya giza linapoanza kuingia, uyape mgongo mataa ya Athi River, kisha utulie. Haitachukua muda utaona nukta ya mwanga ikikata mbingu bila kumetameta. Hiyo ni setilaiti, na mwendo wake unapita kilomita 7 kwa sekunde. Huko ndiko ilikopelekwa Taifa-1 ya Kenya tarehe 15 Aprili 2023, katikati ya maelfu ya nyingine na mabaki ya roketi.

Wapo mafundi wanaokadiria mapema ni zipi mbili zitakazopishana kwa karibu, nami nawastahi sana. Vitu vinavyofuatiliwa ni makumi ya maelfu. Vipange viwiliviwili upate jozi mamia ya mamilioni. Basi wanapepeta kama mtu na ungo wa mchele. Kisichopanda hadi kimo ambacho mwenzake hushukia, jozi yao inatupwa. Zinazobaki huulizwa: njia zao zinakaribiana wapi? Je, vyote viwili vitafika hapo kwa wakati mmoja?

Ugumu unaanzia hapo, maana hakuna ajuaye kwa hakika kamili setilaiti itakuwa wapi kesho. Jua likichafuka, hewa ya juu hutanuka, huiburuza, na hesabu ya jana huteleza. Kwa hiyo fundi hupima pia shaka yake mwenyewe, akaizungushia kila setilaiti, kisha akakadiria uwezekano wa kugongana. Ukifika 1 kwa 10,000, wengi hujiandaa kuisogeza.

Ninachokipenda zaidi ni hiki: shaka ikizidi mno, uwezekano huo nao hushuka. Namba ndogo iliyotokana na kutojua hufanana kabisa na namba ndogo ya usalama. Fundi hodari hadanganyiki. Huomba vipimo vipya.

Ugumu huo ulionekana tarehe 10 Februari 2009, setilaiti Iridium 33 na Cosmos 2251 zilipogongana juu ya Siberia, kimo cha kilomita 790 hivi. Hesabu zilizokuwa wazi kwa umma zilionyesha zingepishana kwa mita 584, na siku hiyo zilikuwapo jozi nyingine zilizoonekana kukaribiana zaidi. Vikazaliwa vipande zaidi ya 2,000.

Orodha za jozi zinazotazamiwa kukaribiana hutolewa bure na tovuti ya CelesTrak, kazi ya T.S. Kelso. Mwalimu wa hesabu uliye Machakos, zifungue na wanafunzi wako.