Kumbe Ndani ya Maharage Kuna Damu!

Rafiki yangu, udongo wa Kavimvira, hapa Uvira, bado uko chini ya kucha zangu na sinawi! Nimetoka shambani sasa hivi, jasho linanichuruzika, nimekuja mbio mpaka kwako, maana nikilala na jambo hili peke yangu nitapasuka. Nimekiona. Nimekishika. Nimekikata kwa wembe. Kinundu cha mzizi wa maharage!

Maharage haya haya, ndiyo, haya tunayokula na bugali tangu tukiwa wadogo. Mama mwenye shamba alinizuia mkono: "Usivute, mwanangu, vitabaki chini." Basi tukachimba pembeni, pole pole, tukainua mche mzima na bonge lake, tukauchovya kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Udongo ukadondoka, maji yakawa tope, na hapo… yaani sijui nikwambieje! Vitu vidogo vidogo, vya mviringo, vigumugumu, vimeshikamana na mizizi kama shanga kwenye uzi. Kwenye kiganja ni baridi, vinateleza, ukivibonyeza vinakubishia kidogo.

Nikaweka kimoja juu ya jiwe, nikakipasua. Chekundu! Chekundu kama nyama mbichi, kinang'aa, rangi ya damu kabisa kabisa! Nilipiga ukelele mpaka mama akaacha jembe.

Na si macho yangu tu. Rangi ile ni leghimoglobini, ndugu wa damu wa himoglobini inayokimbia sasa hivi kwenye mishipa yako. Kule Marekani kampuni ya Impossible Foods inatumia ile ya soya kwenye nyama yake isiyo na mnyama, ili iwe na wekundu na harufu ya nyama ya kweli. Na bado!

Ngoja nikwambie nani anakaa mle. Bakteria! Wanaitwa rizobia, wanazurura kwenye udongo bila mtu kuwajali. Mzizi ukiwa na njaa unatoa kemikali kama harufu ya kuwaita. Wao wakiisikia wanatoa yao, hodi hodi, na ikiwa ndio wenyewe, unyweleo wa mzizi unajikunja kama ndoano, unawakumbatia, halafu unafungua uchochoro mwembamba mwembamba wa kuwapitisha mpaka ndani. Ndani wapi? Ndani ya seli, rafiki! Si pembeni, si mlangoni, ndani ya seli yenyewe! Na seli haiwaachi wamwagike hovyo: inawafunika kwa utando wake yenyewe, kama unavyomshushia mgeni chandarua alale salama. Seli moja inaweza kulaza maelfu. Maelfu! Mimi nilikuwa nimeshika kinundu kimoja kwenye ncha ya kidole na kichwa kinanizunguka.

Karanga nazo zina mlango wao mwingine kabisa, zinawapokea kwenye nyufa pale mizizi midogo inapochipuka. Na bado!

Huu upepo mtamu wa jioni unaotoka ziwani, asilimia 78 yake ni naitrojeni. Mmea unaogelea ndani ya naitrojeni na hauwezi kuitumia hata tone. Viwanda vya mbolea vinaigeuza kwa moto mkali na mgandamizo wa kutisha. Rizobia wanaigeuza kimya kimya, gizani, kwenye udongo wa uvuguvugu wa hapa hapa Uvira! Wanatoa amonia, mmea unajengea protini, nao unawalipa chakula kilichotengenezwa kwa sukari ya majani. Sasa hapa ndipo nilipokaa chini. Kifaa chao cha kazi kinaharibiwa na oksijeni, lakini wenyewe bila oksijeni hawapumui. Wafanyeje? Ile damu! Ile leghimoglobini inaikamata oksijeni na kuwagawia kidogo kidogo, isizidi, isipungue. Wekundu ule ni kazi inayoendelea, rafiki, kazi unayoiona kwa macho! Kinundu kilichozeeka huwa cha kijani au kahawia ndani, nimekata hicho pia, kimenyamaza kabisa, nikakihurumia kweli.

Soya ndiyo mchaguzi, aina nyingi hazifungulii bakteria ambao hazijawazoea. Ndiyo maana mradi wa kilimo wa N2Africa, ulioanza 2009 na kufika mpaka Kivu ya Kusini, ulihimiza kupaka mbegu bakteria wao kabla ya kupanda. Wataalamu wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha tropiki, nao wamezalisha soya za TGx, zenye ukarimu, zinazowakaribisha hata wenyeji wa udongo wetu. Nataka kuziona hizo, nataka sana, nataka mno!

Na wewe lazima ushike. Usisubiri mavuno, maganda yakishajaa vinundu vinachoka. Nenda wakati maua yameanza, asubuhi, udongo ukiwa na unyevu. Chimba mbali kidogo na shina. Osha taratibu. Chagua kinene, kile kilicho karibu na mzizi mkuu. Mama amesema mstari wa juu, upande wa mlimani, utachanua wiki ijayo, na ameniachia miche mitatu. Mmoja ni wako. Njoo na wembe mpya, huu wangu umeshaisha makali.