Lafudhi ya Jirani: Tulichojifunza na Tusichojifunza kwa Mzee Ojwang'

Waumini wa rika langu wakikaa pamoja kwa chai baada ya ibada, na mazungumzo yakigeukia runinga ya zamani, haichukui muda kabla mmoja wao hajaanza kumwigiza Mzee Ojwang'. Sauti inashuka, maneno yanavutwa, "shamba" linakuwa "samba", na meza nzima inaangua kicheko. Vijana walioko karibu hutazama wasielewe kinachochekesha. Nami nimeona ni vyema tujiulize, kama watu wa imani, swali ambalo kwa kawaida hatuliulizi kuhusu jambo tunalolipenda: kicheko kile kilitufanya nini? Je, kilitufundisha kumpenda jirani, au kilitufundisha kumcheka tu?

Kwa ajili ya vijana, niseme kidogo jinsi mambo yalivyokuwa. Hadi mwaka 1990, ilipoanza KTN, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilirudia jina la KBC. Matangazo yalikuwa ya saa chache, na nyumba zenye runinga zilikuwa chache zaidi. Ndani ya saa hizo chache kulikuwa na vipindi viwili vya Kiswahili ambavyo karibu kila mtu alivijua, Vitimbi na Vioja Mahakamani. Katika Vitimbi tulimpata Mzee Ojwang' na mkewe Mama Kayai, na vurugu za nyumba yao. Katika Vioja tulimpata hakimu, na mbele yake akina Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Masanduku arap Simiti, kila mmoja na kesi yake, kila mmoja na Kiswahili cha kwao.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo. Vichekesho hivi vilisimama juu ya lafudhi. Mluo alisikika Mluo, Mluhya akasikika Mluhya, Mkalenjin akasikika Mkalenjin. Hata hivyo, aliyekuwa Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mama Kayai naye ni Mary Khavere, Mluhya. Mkikuyu na Mluhya waliingia katika nyumba ya Waluo wa kubuniwa, wakaishi humo miaka mingi hata watazamaji wengi wakaamini kwamba ni mume na mke kweli. Mzee Wanjau alipofariki mwaka 2015, waliomlilia walitoka kila upande wa nchi, na wengi walimlilia kwa jina la Ojwang'.

Kanisani nimesikia hukumu mbili juu ya vipindi hivi. Wako wanaosema vilikuwa anasa za dunia, na kwamba kumcheka mtu kwa jinsi anavyotamka ni dhihaka, na dhihaka ni dhambi. Wako na wengine wanaovikumbuka kwa machozi ya furaha, wakisema vilituunganisha kuliko siasa na pengine kuliko mahubiri. Naona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Ili kuipata nusu nyingine inatupasa kuvitazama vipindi vyenyewe kwa makini.

Tukianza na Vitimbi, chukua kisa chochote unachokumbuka cha Mzee Ojwang', kisha ondoa lafudhi. Je, kuna kinachobaki cha kuchekesha? Mara nyingi kipo. Hubaki mzee anayejiona mjanja kuliko wote nyumbani, anayepanga hila ya pesa au ya kukwepa wajibu, na ambaye hila yake inamrudia mwenyewe kabla kipindi hakijaisha. Hubaki mke aliyemjua tangu mwanzo, aliyemwacha aendelee hadi ajikwae. Tulichokicheka hapo ni kiburi, tamaa na uongo mdogo mdogo wa nyumbani, na hivyo havina kabila. Kila baba aliyekuwa akitazama alijiona, ingawa alijifanya anamwona jirani. Lafudhi ilikuwa nguo tu. Mtu aliyevaa nguo hiyo alikuwa mimi na wewe. Hapo Benson Wanjau alikuwa msanii mkubwa, kwa sababu hakumfanya Mjaluo kuwa mjinga. Alimfanya kuwa mtu mzima, mwenye hadhi na makosa, tukampenda.

Vioja Mahakamani ni jambo gumu zaidi. Kilikuwa na wema wake, na wema huo si mdogo. Hakimu alimsikiliza mshtakiwa hadi mwisho, hata alipozungukazunguka. Kwa mwananchi wa kawaida aliyeogopa mahakama, kuona mtu wa hali ya chini akisimama na kusema maneno yake yote mbele ya mwenye mamlaka kulikuwa faraja. Lakini ukikifanyia mtihani ule ule wa kuondoa lafudhi, visa vingine havibaki na kitu. Kicheko kilimlenga yule aliyeshindwa na Kiswahili, maskini aliyeshikwa na polisi asijue kujieleza. Na kicheko kinachomwangukia aliye chini, mwenye shida, asiye na maneno, Mkristo hana budi kukichunguza mara mbili. Bwana wetu alisimama mbele ya mahakama pia, na waliomzunguka walimdhihaki.

Basi, kipindi ni kimoja lakini kicheko ni cha aina mbili. Nini hutofautisha? Mimi naamini tofauti kubwa haikuwa kwenye skrini. Ilikuwa chumbani, miongoni mwa waliokaa kutazama.

Nilikulia Nakuru, katika ploti ya vyumba vilivyopangana, na choo na bomba la maji vilikuwa vya wote. Mwenye runinga alikuwa mmoja, fundi wa reli, Mjaluo. Runinga ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari, na kijana mmoja alikuwa na kazi ya kusimama nje na kuuzungusha mlingoti wa antena huku tukimpigia kelele, "Hapo! Hapo! Umepitisha!" Wenye nyumba walikaa kwenye viti, wazee wageni nao wakapewa viti, na sisi watoto tulijaa sakafuni tukiwa Wakikuyu, Waluhya, Wakisii na Wakalenjin. Mke wake tulimwita Mama tu, kwa kuwa alitugawia uji bila kuuliza mtoto ni wa nani. Katika nyumba hiyo ndimo tulimocheka lafudhi ya Kijaluo. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenye nyumba. Alicheka hadi akatoa leso, na mara nyingine alimsahihisha Ojwang' kwa sauti, akituambia kwamba Mjaluo halisi hasemi hivyo, anasema hivi. Tulikuwa wageni wake. Kicheko chetu kilikuwa ndani ya ukarimu wake, na ukarimu huo ulikiwekea mpaka.

Lakini kicheko hicho hicho kilipotoka mle ndani na kwenda shuleni, kilibadilika. Darasani kulikuwa na mvulana mmoja Mjaluo, mgeni kutoka mashambani, aliyesema "sule" na "samba". Siku iliyofuata kipindi, wenzetu walimzunguka wakimwiga, na mwalimu akacheka pamoja nao. Hakuna aliyekuwa na uadui naye. Walikuwa wakirudia tu walichokisikia jioni. Ila hapa hakukuwa na mwenye nyumba wa kucheka kwanza, wala uji, wala deni la ukarimu. Mvulana yule alijifunza kunyamaza. Kila alipoulizwa swali alichagua maneno yasiyo na sauti ya "sh", kama mtu anayeruka madimbwi njiani.

Sauti hiyo ya "sh" iko katika Biblia, na kila ninapoisoma habari yake namkumbuka yeye. Katika Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi, wakiongozwa na Yeftha, wamewashinda watu wa Efraimu, nao wameshika vivuko vya Yordani. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa aseme neno moja, Shibolethi. Mwefraimu hawezi kulitamka sawasawa. Anasema Sibolethi, anakamatwa na kuuawa papo hapo. Biblia inataja watu 42,000. Hawa hawakuwa mataifa ya mbali. Walikuwa wana wa Israeli wote, ndugu wa damu, wenye Mungu mmoja na lugha moja. Kilichowatenga ni herufi.

Ndugu msomaji, sisi Wakenya hatuwezi kuisoma sura hiyo kana kwamba ni ya watu wa kale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tuliona barabara zikizibwa na vitambulisho vikikaguliwa ili jina la mtu liseme kabila lake. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Siku ya Mwaka Mpya 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama. Nakuru nayo iliwaka mwezi huo huo. Waliozuia barabara na waliozuiwa walikuwa wametazama vipindi vile vile. Wote walimjua Ojwang' na wote walimpenda.

Kwa hiyo wale wanaosema vichekesho vile vilituunganisha hawana budi kulijibu hilo. Kucheka pamoja si sawa na kupendana. Mtu anaweza kumfurahia jirani yake kwenye skrini miaka 30, akayajua maneno yake yote kwa moyo, na bado asiwe amewahi kula kwake. Wale wanaosema ilikuwa dhambi tu nao wana la kujibu, kwa maana waliotuchochea mwaka ule hawakuwa wachekeshaji. Walizungumza kwa uzito mkubwa, wengine wao mbele ya maikrofoni za redio, na wengine, kwa huzuni yetu, madhabahuni.

Injili ina neno gani juu ya lafudhi? Inayo habari mbili, na zinafuatana vizuri. Ya kwanza ni usiku wa kukamatwa kwa Yesu. Petro yuko uani, anakana, na wanaosimama karibu wanamtambua kwa usemi wake kuwa Mgalilaya. Lafudhi yake inamtia hatarini, na kwa hofu anaapa kwamba hamjui Bwana. Ya pili ni siku ya Pentekoste, majuma machache tu baadaye, katika mji ule ule. Makutano wanashangaa kwamba wanaosema ni Wagalilaya, na bado kila mtu anasikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Roho Mtakatifu hakuwapa mitume lafudhi ya Yerusalemu ili waheshimike. Waliendelea kujulikana kuwa Wagalilaya. Kilichobadilika ni kwamba usemi uliomtia Petro aibu uani sasa ulikuwa ukitangaza wokovu hadharani.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya kanisa. Runinga ya ploti haitarudi. Leo kila mtoto ana skrini yake na visikizio vyake, na vichekesho vya lafudhi vimejaa kwenye simu, vifupi, vikali, bila hakimu wala Mama Kayai wa kumrudisha mjanja mahali pake. Aliyeigwa hayumo chumbani, na hata chumba chenyewe hakipo. Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa, tuliona kwamba hata ibada inaweza kutazamwa peke yako kitandani, nasi tunashukuru kwa msaada huo. Lakini mahali ambapo Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba na Mkalenjin bado hukaa kwenye benchi moja kila juma bila kununua tikiti ni pachache, na kanisa ni mojawapo.

Tuanze basi na yaliyo karibu. Anayeongoza sherehe za harusi na michango, anayetafuta kicheko kwa kuiga lafudhi ya wakwe, ajiulize kama angesema hivyo akiwa amekaa mezani kwao, akila ugali wao. Msomaji wa neno anayetamka "Sibolethi" apewe zamu yake kama wengine, na asitokee wa kuguna wala wa kutabasamu pembeni. Mzazi anayemsikia mtoto akimwiga mwenzake asiishie kumkemea. Amtume na sahani ya chakula kwa mama wa mtoto huyo, au amwalike huyo mwenzake Jumapili mchana, watazame pamoja chochote wanachokipenda, kisha asikilize nani anacheka kwanza.

Na tukikutana tena kwa chai, na mtu akamwigiza Mzee Ojwang', tucheke. Alistahili kicheko chetu, maana alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Mkikuyu anaweza kuingia katika ulimi wa Mjaluo akakaa humo kwa heshima hadi akalizwa kama mwenyeji. Tukimaliza kucheka, tutazame kama kuna Mjaluo mezani petu. Kama hayupo, tujiulize ni kwa nini, na nani ataenda kumwita.