Mtindo wa Uigizaji na Hisia za Mwigizaji: Mifano kutoka Homa Bay na Migori

Swali la iwapo mwigizaji huhisi kweli kile anachokiigiza ni kongwe. Diderot, katika insha iliyochapishwa mwaka 1830, miaka 46 baada ya kufa kwake, alidai kuwa mwigizaji bora huwaliza watu ilhali moyo wake umetulia. Stanislavski naye alimtaka mwigizaji autafute ukweli wa hisia ndani ya nafsi yake. Makala haya yanadai kuwa hatulazimiki kuchagua kambi: hisia za mwigizaji hutegemea kazi aliyopewa na mtindo wenyewe. Tutazame sanaa mbili za Wajaluo wa Homa Bay na Migori.

Ya kwanza ni sigana, yaani utambaji wa hadithi. Chukua kisa cha Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay, ambapo kijiji kilighariki kwa kumnyima kikongwe hifadhi. Fanani ni mmoja. Mara ni kikongwe aombaye, mara ni mlevi amfukuzaye, mara ni mama amkaribishaye. Abadilishaye nafsi tatu kwa muda mfupi hawezi kuzama katika huzuni ya mmoja wao. Je, hahisi kitu? Anahisi, ila hisia zake ni za kazi: hofu ya kuipoteza hadhira na furaha ya kuitikiwa. Elly Konijn, katika utafiti wake kuhusu waigizaji weledi uliotoka kwa Kiingereza mwaka 2000, aliziita hisia za namna hii hisia za jukumu, akazitenga na zile za mhusika.

Ya pili ni tero buru, maana yake 'kupeleka vumbi', ifanywayo afapo mzee. Wanaume hushika mikuki, huswaga ng'ombe, hukimbia na kupigana na adui asiyeonekana, ambaye ni mauti. Hapa mwili hutangulia na moyo hufuata. Aliyefika kwa wajibu wa ukoo tu aweza kujikuta akibubujikwa na machozi.

Huenda ikapingwa kuwa tero buru ni mviga wala si mchezo, kwa kuwa kifo ni cha kweli. Tunakubali kuwa msiba ni wa kweli. Vita, hata hivyo, ni vya kuigiza, na ndivyo viuchocheavyo uchungu uliolala.

Suala hili si la nadharia tupu. Tamasha la drama la shule za Kenya, lililoanza mwaka 1959, huwapa wanafunzi nafasi ya kutamba na ya kuigiza. Mwamuzi amdaiye mtambaji machozi ya mwigizaji wa tamthilia ya kihalisia humwadhibu kwa kuimudu sanaa yake. Kabla ya kuuliza kama mwigizaji amehisi, mhakiki hana budi kuuliza mtindo ulimtaka ahisi nini.