Cavendish na Kipimo Kinachotafuta Sifuri

Tufe la metali lenye kipenyo cha inchi 12.1 lina kapasitansi ya pikofaradi 17 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1770, kabla ya betri ya Volta, mwanasayansi Henry Cavendish alikuwa akilinganisha viasi vidogo namna hiyo nyumbani kwake London. Kilichomwonyesha chaji ni vijipira viwili vyepesi vilivyoning'inizwa kwa nyuzi. Vikipata chaji, huachana.

Vijipira hivyo havisemi chaji ni kiasi gani, na Cavendish hakuvitaka viseme. Alitaka kujua jambo moja tu: chaji imebaki au haikubaki? Nguvu yote ya mbinu yake imo humo.

Alichukua chupa za Leyden, yaani vyombo vya kuhifadhi chaji, zilizochajiwa kwa nguvu ileile. Kwa chupa hizo akakipa kitu anachokipima chaji chanya, na bamba la majaribio chaji hasi, kisha akaviunganisha. Vikiwa na uwezo sawa wa kubeba chaji, yaani kapasitansi sawa, chaji hufutana na vijipira hutulia. Visipolingana, huachana. Bamba lenyewe lilikuwa vipande viwili vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, hivyo aliweza kupanua eneo lake au kulipunguza mpaka usawa upatikane. Halafu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, alikiondoa kitu kile na kuweka tufe lake la inchi 12.1 mahali palepale. Kasoro za nyaya na za bamba zikabaki zilezile pande zote mbili za ulinganisho, zikapoteza uzito. Jibu alilitoa kwa inchi: kipenyo cha tufe lenye uwezo sawa na kitu hicho. Alijua pia kwamba kuta za chumba huongeza uwezo wa tufe, akalifanyia jambo hilo hesabu.

Kwa njia hiyo alipata kwamba sahani bapa ya duara ina uwezo wa tufe lenye kipenyo kilekile ukigawanywa kwa 1.57. Nadharia inadai nusu ya pai, yaani 1.571. William Thomson, baadaye Lord Kelvin, alipoonyeshwa miswada ya Cavendish huko Plymouth mwaka 1849, aliinakili namba hiyo kwa mshangao.

Cavendish hakuichapisha kazi hii. Alikuwa amepima hata jinsi kioo kinavyoongeza uwezo wa kapasita, jambo ambalo mwanasayansi Faraday alilitangaza mwaka 1837 bila kujua kwamba limeshafanywa. James Clerk Maxwell ndiye aliyetoa miswada hiyo kitabuni, mwaka 1879.